Siku Watani Walipomchambua Mume Wangu

Jumatatu, Ihumwa. Jua linashuka.

Upepo tangu alfajiri. Ule upepo wetu wa kipupwe, unaopasua midomo na kutia vumbi kwenye uji kabla hujaufikisha kinywani. Siku nyingine ningelalamika mpaka mume wangu atoke akawaangalie ng'ombe ambao hawana shida yoyote. Leo silalamiki. Leo uvume utakavyo.

Shajara yangu, nina furaha mpaka naona haya.

Nimejibanza nyuma ya tembe, nyumba yetu hii ya paa la udongo, upande ambao upepo haufiki, na kazi zote za nyumbani zinanisubiri. Zisubiri. Nisipoandika sasa nitaanza kuchanganya nani alisema nini, na mimi haya nataka wajukuu wangu wayasome, kama nitajaliwa wajukuu wanaojua kusoma. Maana hilo ndilo lililokuwa hatarini wiki nzima, kusoma kwenyewe.

Wacha nianzie kwenye reli.

Reli ya Wadachi imekwisha pita Gulwe, na tuta lake sasa limetufikia. Ukipanda juu ya paa la tembe letu unawaona vibarua wanabeba udongo kwa vikapu, wanakwenda na kurudi, wanakwenda na kurudi. Tuta halishibi watu. Akida wetu, ambaye ndiye anayewakusanyia wakubwa wa boma wafanyakazi, ameshawamaliza vijana wa kila mji, yaani kila kaya. Juzijuzi akaanza kuitazama shule. Alisema mvulana anayeweza kushika kitabu anaweza kushika kikapu.

Mwanangu Ezra, kifungua mimba wangu, ndiyo kwanza anasoma sentensi nzima bila kuikimbiza kwa kidole. Niliposikia maneno hayo ya akida, chakula kilinishinda.

Shule yenyewe si jumba. Ni tembe kama tembe nyingine, tuliijenga sisi wazazi. Wanaume walikata miti, sisi wanawake tukakandika udongo. Mwalimu Andrea aliletwa na misheni. Ni mtu wa pwani, mpole, anayevaa kanzu nyeupe mahali ambapo hakuna kinachobaki cheupe hata kwa nusu siku. Mimi namsaidia kufundisha wadogo herufi, kwa sababu nilisomeshwa misheni kule Mpwapwa kabla sijaolewa huku.

Mwalimu ndiye aliyekwenda kwa akida kuwaombea wavulana wasitolewe. Akida hakumpa hata kigoda. Alimwambia hana maneno na mtu wa misheni juu ya watoto wa Wagogo. Wazazi wenyewe wamchague mtu mmoja, awe msemaji wa shule, na huyo aje aseme naye leo Jumatatu. Wakishindwa kuelewana, akida atawachagulia.

Na angemchagua nani, hakuna aliyehitaji kuuliza.

Malogo.

Malogo ni tajiri wa ng'ombe na rafiki wa akida. Kofia nyekundu anayovaa alipewa na akida, na tangu aipate hainamishi kichwa mlangoni, anakunja magoti. Nimemwona kwa macho yangu. Malogo akiwa msemaji, wavulana wangekuwa kwenye tuta kabla wiki haijaisha, na yeye angesimama pembeni akitushukuru wazazi kwa moyo wetu mwema.

Basi Jumamosi tukakutana uani mwa shule, wazazi wote na mwalimu. Wanawake tulikaa ukutani, wanaume mbele yetu, na tulikuwa tumepika togwa kwa sababu Mwalimu Andrea pombe hataki kuiona wala kuinusa. Alikuwa amejiandaa, maskini. Alileta vibuyu na mtama kwenye ungo, akatueleza kwamba kila mzazi atachukua punje yake na kuitia kwenye kibuyu cha mtu anayemtaka. Nani atiliwe punje? Hilo tulilimaliza kwa mambo mawili. Mtu hajitaji mwenyewe wala hatajwi na ndugu yake. Na lazima awe na mtoto wake wa kuzaa anayesoma hapa, maana asiyekuwa na mwana shuleni atawauza wa wenzake bila kuumwa na kitu.

Rafiki mmoja wa Malogo akamtaja Malogo. Watu wakaguna kwa heshima.

Kisha baba mmoja mwenye mapacha shuleni akasema anamtaka yule ambaye paa la shule likivuja yeye ndiye yuko juu, na mtungi wa wanafunzi ukikauka yeye ndiye yuko kisimani, na siku zote hizo hajasikika akijisifu. Nikawa natazama huku na huku nimjue huyo mtu.

Akamtaja Ndahani.

Ndahani ni mume wangu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Si kwamba simpendi mume wangu. Lakini Ndahani ana kigugumizi, na si kile kidogo cha mtu aliyeona haya. Ni mtu anayepigana na neno "maji" mpaka kiu imwishe. Na hawa wanataka awe msemaji! Jamani, msemaji! Nilimtazama kwa jicho la kumwambia akatae. Akanitazama na yeye, akatabasamu, akanyamaza. Nikajua amekubali. Kumbe hata kukataa kungemchukua muda.

Mwalimu akaanza kugawa mtama. Hapo Matika akasimama.

Matika ni mfinyanzi wa vyungu, mama wa wasichana wawili ninaowafundisha, na ulimi wake unajulikana mpaka Miyuji. Ukoo wake na ukoo wa mume wangu ni watani. Alisema, "Mwalimu, mtama huo uweke kwanza. Watani bado."

Mwalimu wa watu hakuelewa. Ikabidi nimweleze mimi. Kwetu kila ukoo una watani wake, yaani ukoo mwingine wenye ruhusa ya kukuambia lolote usoni. Kwenye msiba watu wanalia, watani wao wanasimulia jinsi marehemu alivyokuwa mchoyo wa nyama, na hakuna wa kuwanyamazisha. Na mtu hakabidhiwi jambo la watu kabla watani wake hawajamchambua hadharani. Wanasema kila walijualo juu yake, yeye anasikiliza. Akikasirika, amejitoa mwenyewe.

"Lakini hayo ni matusi," Mwalimu akasema.

"Ndiyo," Matika akajibu. "Akida naye atamtukana. Si afadhali tumtukane sisi kwanza, tuone anavyoyabeba?"

Mwalimu akaketi na ungo wake mapajani. Matika akaongeza jambo la mwisho kwa sauti tamu ambayo sikuipenda hata kidogo. Alikumbusha kwamba hasira ya mke ni hasira ya mume, kwa sababu wanakula chungu kimoja.

Watu wote wakageuka kunitazama mimi.

Sawa. Nakiri. Nina hasira za karibu. Hata kuku wangu wanajua. Mwaka jana nilimfukuza muuza chumvi kwa mti wa kukorogea uji. Kwa hiyo pale uani nilielewa hesabu yote kwa mara moja. Mume wangu angeweza kuvumilia mpaka kesho. Aliyekuwa na uwezo wa kumwangusha, na kumpeleka Ezra kwenye tuta, ni mimi. Nikaikalia mikono yangu.

Wakaanza na Malogo. Mtani wake ni Chibago, mzee mwembamba asiye na meno mengi, lakini aliyobaki nayo yanauma. Tulijiweka sawa tufurahi. Chibago akasimama, akajipangusa midomo, akaanza kumsifu.

Kumsifu!

Watu wakatazamana. Kwetu ukiona mtani anasifu, unajiuliza amekula nini. Malogo peke yake ndiye aliyekuwa anatikisa kichwa kwa raha, kofia yake ikienda mbele na nyuma.

"Huyu Malogo," Chibago akasema, "ana huruma na wanyama. Ng'ombe wake hawalali njaa. Huwaachia waingie mashamba ya majirani wale mtama ungali mbichi, hata mwenye shamba hajauonja."

Kicheko kikaanza kwa wanawake, kidogo.

"Ni mtu mnyenyekevu. Akimwona askari mbali kule, goti limeshagusa chini. Na mkarimu! Mnaniona nilivyonona leo? Juzi kanipa mbuzi mzima. Kaniambia, Chibago, Jumamosi nisemee vizuri. Nimemla na wanangu, mafuta bado yako mdomoni. Sasa si ndiyo nasema vizuri?"

Hapo Malogo aliacha kutikisa kichwa. Watu walikuwa wameshika mbavu. Nami nilicheka kwa moyo wote, nani angenizuia, huyo hakuwa mume wangu.

Lakini Chibago hakuwa anacheka. Alingoja tunyamaze, kisha akasema kwa upole kabisa, "Na ukarimu wake mkubwa bado sijautaja. Misheni ilipotaka kila mji utoe walau mtoto mmoja asome, nani kati yenu alimwacha mwanawe akachunge, akampa nafasi hiyo mtoto wa mchungaji wake? Ninyi wachoyo mlipeleka wenu. Malogo alipeleka wa mwenzake."

Watu wakageuka kumtazama Malogo.

Mimi ndiye ninayemfundisha yule mtoto! Kila asubuhi namwita mwana wa Malogo, naye anaitika, na hesabu anazijua kuliko wote. Nilimtazama Mwalimu Andrea, naye akanitazama. Basi wa Malogo yuko machungani na fimbo yake, na siku ya kutoa wavulana, wa kutolewa angekuwa mtoto wa mchungaji, na wangu, na wa wenzangu. Nikaikalia mikono tena, kwa nguvu zaidi.

Malogo alikwisha simama. Fimbo juu. "Chibago! Umekula mbuzi wangu!"

"Jamani njooni muone," Matika akapaza sauti, "mtu kakasirikia sifa!"

Basi tena. Watu walicheka mpaka wengine wakalala chini. Mwanamke mmoja alimwaga togwa lote. Mzee Chibago aliketi polepole, akaomba maji ya kunywa kwa sababu, alisema, mbuzi alikuwa na chumvi nyingi. Malogo hakuwa na kibuyu tena. Hana mwana shuleni na amekasirika, ameanguka pande zote.

Lakini hakuondoka. Alisimama mlangoni mwa ua, akajiegemeza, akatulia. Mara nikaelewa anangoja nini. Waliotajwa walikuwa wawili. Ndahani naye akianguka, tumeshindwa kuelewana, na akida anachagua. Malogo hakuhitaji punje hata moja. Alihitaji mimi nifungue mdomo tu.

Zamu ya mume wangu ikafika.

Matika alikuja mbele akitembea kama Ndahani, ule mwendo wake wa bega moja chini. Akasimama, akafungua mdomo, akaanza: "M-m-m-m..." Akakunja uso. Akakaza shingo. Akageuka nyuma kama anayelitafuta neno lilikoangukia. Akalitafuta chini ya kigoda. Akalitafuta ndani ya kanzu ya Mwalimu, maskini Mwalimu akaruka. Mwishowe akalikuta kwapani mwake, akalitoa, akalisema: "Mbukwenyi!" Kumbe muda wote huo alikuwa anasalimia.

Walicheka, wakacheka. Na mimi, shajara yangu, nilitaka kulia. Nimeishi na mtu huyu. Najua jinsi anavyoamka mapema afanye salamu zake peke yake zizini, na ng'ombe, ili akikutana na watu ziwe zimelainika. Matika hajui hilo. Au labda anajua.

Ndahani alikuwa anacheka. Si kicheko cha kujikaza. Machozi yalimtoka. Alimpigia Matika makofi.

Mama huyo alipoona huku hakuna anachopata, akageuza shingo. Nilijua. Nilimwona akija.

"Na mke wake," akasema, "msomi wetu. Ugali wake nimeula. Upande mmoja umeungua, upande mwingine mbichi, katikati kuna wino."

Vumilia, nikajiambia. Ugali wangu hauna kasoro kubwa. Vumilia.

"Anawafundisha watoto wetu kunyamaza, yeye mwenyewe hajui kunafananaje."

Nikauma shavu kwa ndani. Mlangoni Malogo alikuwa ameacha kuegemea, amesimama wima, ananitazama mdomo. Wanawake waliokuwa karibu nami walisogea kidogo, ndiyo ujue ninavyoaminika.

Matika akanisogelea mpaka nikasikia harufu ya udongo wa vyungu mikononi mwake. Akaongea kama ananinong'oneza, ila kwa sauti ya kufika kwenye tuta. "Watu wanauliza, mwanamke mkali hivi aliolewaje? Mimi nawaambieni. Wazee walimwuliza Ndahani, unamtaka huyu? Ndahani alitaka kusema hapana. H-h-ha... ha-ha-ha... Kabla haijatoka, ng'ombe wa mahari walikwisha fika kwa baba mkwe!"

Nilifungua mdomo. Nasema kweli, maneno yalikuwa tayari, na yalikuwa maneno mabaya. Halafu nikamwona mume wangu ananitazama, amepandisha nyusi, kama anasema, basi je, unabisha? Na kikanipanda kicheko kutoka sijui wapi. Nilicheka kwa kelele, nikacheka kwa puani, nikajipiga mapaja. Nilimshika Matika ili nisianguke na yeye akanishika, tukawa tunayumba pale kama walevi wawili katikati ya kikao cha watu wa misheni.

Mwalimu Andrea, nilimwona kwa jicho la pembeni, alikuwa amejifunika uso kwa ungo. Mtama ulimwagika wote.

Watu walipotulia, Matika aliacha mchezo. Hiyo ndiyo kazi ya mtani, watu wengi hawaijui. Akishakuvua nguo zote za mzaha anauliza lile ambalo kila mtu analo moyoni na hana ruhusa ya kulisema. Alimtazama Ndahani sawasawa.

"Mtani wangu, tumecheka. Sasa niambie. Akida ni mtu wa haraka. Hamalizi kusikiliza hata wenye ndimi nyepesi. Wewe utamfikisha wapi na maneno yako hayo, na wanangu mimi wako nyuma yako?"

Upepo ulisugua ukuta. Hilo ndilo nililokuwa naogopa tangu jina lake litajwe, na sasa limesemwa.

Ndahani akasimama. Alifikiri kidogo. Akaanza, na lilikuwa gumu, niliona shingo yake, lakini hakulikimbiza.

"A-a-akida ana ha-haraka," alisema. "Mi-mi... mimi sina."

Ilichukua muda watu kuielewa. Kisha mzee Chibago akaanza kupiga makofi. Kisha yule baba wa mapacha akasimama. Kisha ua mzima ukawa juu, wanawake tukapiga vigelegele, na Matika, mtani mbaya huyo, alipiga cha kwake kirefu kuliko wote huku anafuta macho kwa nyuma ya mkono.

Tuliokota mtama chini, pamoja na mchanga wake. Mwalimu aliweka vibuyu viwili, kimoja cha kumkubali Ndahani, kingine cha kumkataa, kwa sababu alisema hata akibaki mmoja lazima watu wapewe nafasi ya kukataa. Hilo nimelipenda, ni jambo zuri, na nimeamua kulikumbuka. Tukapita mmoja mmoja. Kibuyu cha kukataa kilipomiminwa kilikuwa na punje moja. Hatukuhangaika kuuliza ni ya nani. "Mimi ni mtani wake," Matika alisema. "Nitamkubalije mbele za watu?"

Malogo alikwisha ondoka. Sikumwona alipotoka.

Jana Jumapili, baada ya sala, nilijaribu kumsaidia mume wangu. Nilimwambia ayaimbe maneno yake, kwa sababu akiimba hana kigugumizi hata chembe, na sauti yake ni nzuri. Alikataa. Alisema akida akimsikia anaimba atadhani tumepeleka ngoma. Nikamwambia basi ayafupishe. Akakataa hilo pia. Mtu huyu mtaratibu, lakini akishapanda miguu yake mahali humng'oi. Nikanuna mpaka chakula cha jioni. Sikusema sinuni, nimesema nina furaha.

Leo asubuhi tukaenda kwa akida. Alisema aje mtu mmoja, na mtu mmoja ndiye aliyesema, lakini nyuma yake tulikwenda wote, hata mzee Chibago na fimbo yake. Akida alikuwa barazani na makarani wake. Akamtazama Ndahani, akasema haya sema, upesi.

Ndahani akasalimu. Ilikwenda vizuri, ng'ombe walikuwa wamefanya kazi yao. Kisha akaanza lile lililotuleta, na pale kwenye neno "watoto" akakwama. Akakwama kabisa. Wa, wa, wa, basi. Askari mmoja akacheka. Karani akaacha kuandika. Akida akatazama mbali, akatazama kucha zake, akamtazama Ndahani tena.

Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Ningelisema tu, tungeendelea. Nilivuta pumzi, na mkono wa Matika ukanifinya kwa nyuma mpaka nikatoa machozi. Hakuna aliyelisema. Wazazi wale wote, hakuna aliyekohoa wala aliyesogeza mguu. Tulisimama tukangoja na mume wangu kama vile tumekuja kwa ajili ya kungoja. Na kadiri tulivyokaa kimya ndivyo askari alivyoacha kucheka, na akida naye akajikuta anangoja, maana angefanya nini, watu wote wa Ihumwa wako mbele yake wanatazama mdomo wa mtu mmoja.

Likatoka.

"Watoto," Ndahani akasema. Na akaendelea mpaka mwisho, moja baada ya jingine, bila kuruka hata moja. Alisema watoto hawa ndio watakaosoma makaratasi ya reli hiyo ikishajengwa. Alisema wazazi watakwenda kwenye tuta kwa zamu baada ya mavuno, kama ilivyoagizwa, na hawatakimbia. Lakini waliomo shuleni wabaki shuleni. Akakunja mikono. Hakuongeza neno la kubembeleza.

Akida akamwambia karani aandike kwamba wavulana wanaosoma wasiguswe mwaka huu. Mwaka huu tu. Mwakani tuje tena.

Tutakuja. Tena polepole.

Najua si ushindi wa milele. Tuta bado liko pale, wanaume wetu watabeba udongo, na mume wangu ndiye wa kwanza ameweka jina lake kwenye zamu. Lakini Ezra leo amesoma ukurasa mzima, nami nilikuwa nimekaa mbele yake nikijifanya namsikiliza mtoto mwingine.

Nilidhani siku imekwisha hapo. Haikwisha.

Mchana, tumewaruhusu wadogo, Malogo akatokea uani mwa shule. Bila kofia. Amemshika mkono mwanawe, huyo wa kuzaa, kijana ana vumbi la machungani mpaka kwenye kope. Habari za akida zilikwisha mfikia. Wavulana wanaosoma hawaguswi, ila wake hasomi. Ningekuwa mimi ningemwambia mengi. Nilikuwa nimeshayapanga. Matika naye alikuwa ameleta mtungi mpya wa wanafunzi, na akawa anautua polepole kabisa ili asikose neno.

Mwalimu Andrea akamwambia kwa adabu kwamba yeye hawezi kuamua, jambo la wazazi sasa lina mwenyewe. Akamwonyesha juu ya paa. Mume wangu alikuwa juu kule, anaziba mahali palipofumuka kwa upepo.

Ndahani akashuka. Malogo akaeleza shida yake haraka haraka, macho chini. Akamaliza. Ndahani alimtazama mtoto, hakumtazama baba. Akauliza kama mtoto wa mchungaji ataendelea kusoma na huyu, pamoja. Malogo akasema ndiyo, wote wawili. Ndahani akafungua mdomo amkaribishe, na neno likamgomea.

"Ka-ka-ka..."

Malogo, ambaye hajawahi kumngoja mtu isipokuwa akida, alisimama pale kwenye upepo, mikono mbele, akangoja. Akangoja mpaka likatoka.

"Karibu."

"Ahsante," Malogo akasema, kwa sauti ndogo. "Ahsante, msemaji."

Mume wangu huyo, shajara yangu. Msemaji.